Kimeanguka

Babu alikuwa na funguo mbili katika pete moja:
wa kanisa, mrefu, umeliwa na chumvi,
na wa kasha la kodi, mfupi, unang'aa kwa kushikwashikwa.
Bibi alisema ukimsikia anakuja
huwezi kujua ni upi unaolia.

Kasisi Yeftha Songoro. Karani Songoro.
Jumapili kanzu nyeupe, hapa Malindi, nyuma ya gereza,
waumini kumi na saba na mbuzi wa jirani;
Jumatatu kaptula ya kaki, soksi hadi magotini,
mwavuli wa serikali, na njia ya Ganda
isiyo na kivuli cha kumfaa mtu.
Jina alilolitia maji jana
leo alilitia wino.

Nitasema lililo kweli: alilipenda daftari.
Mama yake alishushwa Kisauni kutoka manowari
akaandikwa: mwanamke, Myao, meno mazuri.
Jina aliulizwa na mtu asiyejua kusikia.
Kwa hiyo mwanawe aliandika majina kama anayelaza watoto,
taratibu, kila herufi imefunikwa hadi shingoni:
Ngonyo wa Mweni. Tsofa wa Toya.
Halafu pembeni: vibanda viwili, rupia sita.
Asiye na rupia, mbuzi.
Asiye na mbuzi, siku thelathini za kuvunja mawe
kwenye barabara ya Mambrui.

Hayo nayo ni kweli, na siyafuti.
Wapo Ganda ambao hadi leo, nikitaja ubini wangu,
hunipa kiti na kusahau kunipa maji.

Nyevu wa Chengo alizaa mwaka wa njaa.
Mtoto alikaa siku nne. Usiku wa nne
akabebwa hadi mlangoni kwa kasisi, ndani ya kaniki,
azikwe penye msalaba, maana baba yake alikuwa msomaji.
Babu alishika taa. Alisema kitabu hakiruhusu,
mtoto hakuwahi kubatizwa.
Alisema pole, kwa Kigiriama kizuri.
Nyevu hakulia. Aliuliza:
"Na kile kitabu kingine? Kile cha vibanda?
Huyu, nimlipie?"

Sijui alijibiwa nini. Bibi alipofika hapo
alikuwa akichambua mchele, na akaendelea kuchambua.

Daftari nimeliona. Kijana wa ofisi aliniletea akipiga chafya.
Ukurasa wa Ganda, mstari wa tisa:
Nyevu wa Chengo, kibanda kimoja. Kimeanguka.
Mwaka uliofuata: kimeanguka.
Na uliofuata.
Mara kumi na moja, mwandiko uleule usiotetemeka,
wino wa serikali, mkono wa mtu
aliyewakaririsha watoto wa Jumapili amri ya tisa.

Kitendawili: kibanda changu huanguka kila mwaka
na jioni moshi wake haujakosa kutoka paani.
Mmeshindwa? Nipeni mji.

Mwaka wa nane Disii alishtuka.
Ipo alama ya kuuliza, penseli nyekundu,
imepinda kama ndoana.
Chini yake babu ameandika neno moja:
Mchwa.

Ningependa kuishia hapo, tucheke.
Lakini jicho huteremka lenyewe.
Mstari wa kumi, Tsofa wa Toya, kibanda ubavuni mwa kile,
ua mmoja, mchwa walewale:
amelipa, mbuzi wawili.
Hilo ndilo huniamsha usiku,
kwamba rehema ya babu
ilikuwa na upana wa mstari mmoja wa daftari,
na kwamba hata huo
aliupata kwa kusema uongo.

Nilimwomba kijana nipige picha ukurasa ule.
Akasema kuna ada.
Nikalipa. Akavuta kitabu cha risiti,
akauliza, "Jina?" bila kuinua uso.
Nikalitaja polepole, silabi kwa silabi,
nikiutazama mkono wake.